Ahadi Nje ya Mizania: Nani Huamua Wakati wa Msukosuko?

Katikati ya msukosuko wa uchumi, ahadi za mikopo zilizo nje ya mizania ya benki, yaani mikopo iliyoahidiwa lakini haijachukuliwa, zikipungua, wachambuzi wengi husema benki imeingiwa na hofu. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Wakati wa neema benki huamua iahidi kiasi gani. Wakati wa dhiki, uamuzi huhamia kwa mteja.

Neema ilikuwa na kanuni zake. Mapatano ya kimataifa ya Basel ya mwaka 1988 kuhusu mtaji wa mabenki hayakudai mtaji kwa ahadi ya mkopo isiyozidi mwaka mmoja, na mabenki yakaandika mikataba ya siku 364, yakiihuisha kila ilipokwisha. Ada ilipatikana bila kugusa mtaji. Ahadi ziliziegemeza pia kampuni maalumu kama Rhineland Funding, iliyoanzishwa na benki ya IKB ya Ujerumani: ilinunua dhamana zilizotokana na mikopo ya nyumba ya Marekani kwa fedha za kukopa kwa muda mfupi. Julai 2007 wakopeshaji wa kampuni hiyo walipoingiwa na shaka, IKB haikumudu ahadi yake, na benki ya serikali, KfW, ikabeba dhima ya euro bilioni 8.1. Desemba mwaka huo benki ya Marekani ya Citigroup ilirudisha kwenye mizania yake mali za dola bilioni 49 za kampuni za namna hiyo, ingawa mkataba haukuilazimisha. Ililinda jina lake sokoni.

Kwa mikopo ya kawaida ya makampuni, msukumo wa mteja ni wazi zaidi. Machi 2020 kampuni ya magari ya Ford, ikifunga viwanda kwa sababu ya korona, ilichukua dola bilioni 15.4 ambazo mabenki yalikuwa yameshaiahidi. Kiasi hicho kilitoka kwenye ahadi kikaingia kwenye mikopo. Hatari ya mabenki haikupungua hata senti moja. Watafiti Victoria Ivashina na David Scharfstein walikwishaonyesha jambo hilohilo kwa mwaka 2008: baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, mikopo kwa makampuni iliongezeka kwenye mizania huku utoaji wa mikopo mipya ukiporomoka, kwa kuwa wateja walikimbilia kuchukua walichoahidiwa.

Kuna hoja ya kupinga, nayo ni nzito. Ahadi ambazo benki inaweza kuzifuta wakati wowote, hasa za kadi za mikopo, zilikatwa kwa wingi Marekani mwaka 2008 na 2009. Hapo benki iliamua kweli, na aliyeumia ni mwananchi asiye na mwanasheria wa kumtungia mkataba madhubuti.

Kwa hiyo kupungua kwa ahadi kuna sababu mbili zinazopingana, na takwimu moja ya jumla huzificha zote. Benki kuu zidai taarifa ya kila robo mwaka inayotenganisha ahadi zilizochukuliwa na wateja na zile zilizofutwa na benki.