Tawi Lililokaa Katika Mzabibu, Mbali na Kanisa

Somo la kusoma nyumbani: Yohana 15:1-8

Tukisikia habari ya kukaa ndani ya Kristo, wengi wetu tunawaza kwanza kanisa: ibada ya Siku ya Mungu, mkesha, mchungaji akituwekea mikono. Hayo ni mema, wala tusiyaache. Lakini historia ya Injili katika Katanga yetu inatuonyesha matawi yaliyobaki mabichi mahali ambapo hayo yote hayakuwepo.

Zamani wafanyabiashara kutoka Bihe, katika Angola, walikuja mpaka nchi ya Waluba na Wasongye kununua watu. Ndugu zetu wengi walipelekwa huko utumwani. Baadhi yao walisikia Neno la Mungu katika misioni za huko, wakaokoka. Sasa tufikiri: mtumwa hana siku yake. Analima shamba la bwana wake, anabeba mzigo, anatumwa safari bila kuulizwa. Kama wangengoja wakati wa utulivu ili waombe, wasingeomba hata kidogo. Ilibidi wamshike Kristo mzigo ukiwa kichwani.

Walipopata uhuru, wengi walirudi kwao kwa miguu, safari ya majuma mengi. Walikuta vijiji visivyo na kanisa wala mchungaji. Imani waliyokuja nayo ndiyo iliyokuwa kanisa lao.

Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika Katanga. Njiani walikuwa wamemzika mwenzao mzee, George Armstrong, aliyekufa kwa homa. Kazi ilipoanza, baadhi ya wale waliotoka utumwani walikuwa kati ya wahubiri wa kwanza. Mmoja wao ni Shalumbo, Msongye, ambaye baadaye aliwapelekea Injili watu wa kabila lake. Na mwaka 1920, hapo Mwanza, Roho Mtakatifu alimwagwa juu ya waamini kwa nguvu. Moto ule ulikuta kuni zilizokwisha kukauka.

Kisha ukaja mwaka 1960. Uhuru wa nchi ulifuatwa na vita na hofu. Wamisionari walikimbizwa. Burton mwenyewe aliondoka baada ya miaka 45. Mwezi wa Novemba wawili wao, Elton Knauf na Teddy Hodgson, waliuawa. Kama uzima wa makanisa ungetoka kwa wamisionari, ungeondoka pamoja nao. Lakini wachungaji wenyeji na waamini waliendelea kuomba na kuhubiri, na hata leo Communauté Pentecôtiste au Congo ni matunda ya kazi ile.

Ndugu na dada, hapa tujipime. Leo wako kati yetu wanaokimbia toka nabii huyu hadi nabii yule, kama mtu anayeomba moto kwa jirani kila asubuhi kwa sababu kwake jiko linazimika kila usiku. Mchungaji akisafiri, maombi yanalala. Redio ikinyamaza, Neno linanyamaza. Tawi halikai juu ya tawi lingine. Linakaa katika mzabibu.

Basi tumshike Bwana katika kazi zetu zenyewe. Mama anayetwanga sombe aongee naye kinuni. Kijana wa pikipiki amkumbuke kabla ya kutaja bei. Mchimbaji ashuke shimoni na neno moja la Maandiko moyoni. Jamaa isilale bila kuomba pamoja, hata kama ni dakika chache gizani, umeme ukiwa umekatika. Na tukikosana, tupatane siku ile ile, maana kinyongo kinaziba njia ya utomvu.

Wale waliomshika Kristo chini ya mzigo wa mtu mwingine wanatuachia swali: je, sisi tulio huru tumefungwa na nini?

Bwana atulinde ndani yake. Amina.