Biolojia Tiba: Shahada ya Afya Isiyo ya Udaktari

Ukitaja "biomedical" katika hospitali nyingi za Tanzania, utaelekezwa kwenye karakana, kwa mhandisi wa vifaa tiba anayetengeneza mashine za usingizi na za eksirei. Kwa kazi ile, "vifaa tiba" ni tafsiri nzuri. Shida humpata mwanafunzi wa "biomedical science" anaporudi likizo na kuulizwa anasomea nini. Mjomba mmoja anasikia fundi wa mashine, shangazi anasikia daktari. Kijana si huyu wala yule, na anastahili jina linaloeleza elimu yake.

Anasoma jinsi mwili unavyofanya kazi na unavyougua: anatomia, fiziolojia, biokemia, jenetiki, maikrobiolojia, patholojia, elimu ya kinga na elimu ya dawa. Sijui mfano unaoonyesha uwanja huo vizuri kuliko ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya mtu asiye na ugonjwa huo. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akagundua chanzo cha tofauti hiyo: asidi amino moja tu, valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Biokemia, jenetiki na elimu ya vimelea zimekutana katika damu ileile, na mpaka hapo hakuna mgonjwa aliyeandikiwa dawa. Kuandika dawa ni kazi ya daktari. Kujua kwa nini seli imepinda ni kazi ya elimu hii.

Neno selimundu lenyewe linatuonyesha njia. Kiswahili hutanguliza neno kuu, kisha kinalipambanua: seli yenye umbo la mundu. Ndivyo ilivyo isimujamii, ambayo ni isimu kwanza, jamii baadaye. Tukisema "bayotiba" tunafuata mpangilio wa Kiingereza, na neno kuu linakuwa tiba, kana kwamba mhitimu anatibu. "Sayansi za tiba" ni pana mno, maana inawameza wauguzi na wafamasia. "Sayansi ya maabara za afya" tayari ni jina la fani nyingine, inayomwandaa mtaalamu wa kupima sampuli za wagonjwa. Kwa hiyo mimi nachagua biolojia tiba: biolojia ndiyo elimu, tiba ndiyo shabaha yake. Neno biolojia limeshazoeleka tangu sekondari, halihitaji kufundishwa upya.

Usahihi huu una uzito kwa mzazi anayelipa ada. Marekani mwanafunzi humaliza shahada ya kwanza kabla ya kuomba nafasi katika chuo cha udaktari cha miaka minne, hivyo biolojia tiba kule ni ngazi ya kawaida. Tanzania aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita huweza kuingia moja kwa moja kwenye udaktari wa miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Aliyechukua biolojia tiba akidhani ameshauanza udaktari atalazimika kuuomba upya na kuuanza mwaka wa kwanza. Lakini aliyeichukua kwa kuipenda ana njia pana: utafiti wa chanjo na dawa, ualimu wa vyuo vya afya, shahada ya uzamili katika jenetiki au epidemiolojia.

Limebaki jina la mhitimu. Uingereza cheo cha "biomedical scientist" kinalindwa na sheria, wala hakitumiwi na asiyesajiliwa. Kwetu ningemwita mwanabiolojia tiba, kwa mfano wa mwanaisimu na mwanakemia, na ningependa jina hilo liandikwe kwenye matangazo ya kazi.