Mumiani, matuta na mtafiti wa udongo

Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Uvumi ulisema eti ni wanyonya damu.

Ni rahisi kusema "ujinga tu" na kuendelea na mambo yetu. Lakini uvumi huu una historia, na sehemu yake iko hapa hapa Morogoro.

Enzi za ukoloni, habari za mumiani zilisambaa Tanganyika, Kenya hadi Uganda: Wazungu na vibarua wao wanakamata watu usiku, wanawatoa damu, damu inageuzwa dawa. Zilifika hadi Uluguru, na mwanaanthropolojia Peter Pels aliziandikia makala mwaka 1992. Neno lenyewe limetoka Uajemi, lilikokuwa jina la dawa nyeusi ya kutibu majeraha na mifupa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Mluguru wa wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, na kwenye miteremko mikali matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Julai 1955, huko Matombo, watu waliandamana. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Unaona? Hadithi ya damu haikuwa kweli, lakini shaka juu ya matuta ilikuwa na msingi. Mwaka 2008, Whitson na Galinsky walionyesha kwamba watu waliojisikia hawana udhibiti waliona picha kwenye vitone visivyo na picha, na njama pasipo na njama.

Hiyo si paranoia. Mwenye paranoia huamini anawindwa yeye; mwenye kuamini njama husema tunawindwa *sisi*, na jirani anaitikia.

Kwa hiyo, wenzangu wa sampuli, barua ya kibali pekee haitoshi. Kabla ya kuchimba, kaeni na wanakijiji mueleze udongo unaenda wapi, utapimwa nini, na majibu yatarudi lini. Na majibu yarudi kweli.