Mkopo Mdogo na Kalenda ya Mvua: Hali ya Kaya za Wakulima Machakos

Wanaokopesha wakulima wadogo nchini Kenya hupima mafanikio yao kwa kiwango cha marejesho: mkulima akilipa, mkopo umemfaa. Makala haya yanakipinga kipimo hicho. Huko Machakos deni laweza kulipwa lote, tena kwa wakati, kwa kuuza mahindi na mbaazi punde tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Miezi michache baadaye familia ile ile hununua unga dukani kwa bei ya juu. Daftari la mkopeshaji haliioni hasara hiyo. Inaonekana kwenye mlo uliopunguzwa, mbuzi aliyeuzwa, karo iliyochelewa. Na mara nyingi anayeibeba ni mama mwenye nyumba.

Kiini cha tatizo ni muda. Machakos hupata mvua za masika na za vuli, na vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi. Hata mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa na watafiti karibu na mji wa Machakos ili yakomae kabla mvua haijakatika, hukaa shambani takriban miezi mitatu. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ya asilimia 8 kwa mwaka ilikuwa nafuu, lakini mkopo wa mtu binafsi ulitakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Muda huo unamfaa muuza mboga sokoni. Kwa aliyepanda mahindi, siku hizo zikiisha mbegu ndiyo kwanza imechipua. Atalipa kwa kukopa kwingine.

Tiffen, Mortimore na Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa iliyokuwa wilaya ya Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Makinga maji ya fanya juu yalichimbwa na familia pamoja na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, na fedha nyingi zilitoka kwenye mishahara ya waliofanya kazi mijini na mauzo ya kahawa. Mikopo rasmi ilichangia kidogo. Fedha za mishahara na kahawa hazikuwa na siku ya kudaiwa. Mvua ikikosekana, mwenye shamba aliumia, lakini hakuna aliyemfuata nyumbani.

Kwa hiyo jaribio la watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula (IFPRI) na wenzao, lililofanywa Machakos pamoja na Equity Bank, lina uzito. Mkopo uliunganishwa na bima ya mvua: mvua ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, bima hubeba sehemu ya deni. Ilibainika pia kuwa wakulima wengi hujinyima mkopo wenyewe wakihofia kupoteza dhamana. Hofu hiyo haitaondolewa kwa semina za elimu ya fedha, kwa kuwa ina msingi. Shamba la ukoo likipigwa mnada, watoto hawana pa kurudi.

Marejesho yaanze baada ya mavuno, na mkulima aachiwe miezi kadhaa ya kuhifadhi nafaka hadi bei ipande. Nao watafiti wa ustawi wa kaya wahesabu magunia yaliyobaki ghalani mwezi wa Oktoba, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi zilizorudi benki.