Jinsi ya kutunza kidhibiti mwendo cha mashine ya kukereza

Kwa mafundi wa samani katika soko la Kibuye, Kisumu, mashine ya kukereza mbao hudai mwendo unaolingana na unene wa mti. Kipenyo kwa inchi kikizidishwa kwa mizunguko ya kila dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa meza wa inchi 3 hustahimili mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 lisizidishe 900, la sivyo gogo huweza kuchomoka na kumpiga fundi usoni.

Penye puli za ngazi, mkanda huhamishwa mashine ikiwa imezimwa na plagi kuchomolewa. Puli zinazopanuka na kubana ni kinyume: wenzo wake husogezwa mota inapozunguka tu. Ukilazimishwa mashine ikiwa imesimama, huvunjika.

Wenzo ukiwa mgumu, aghalabu ni unga wa mbao uliogandamana kwenye ekseli, au kutu, ambayo unyevu wa ziwani huichochea. Ekseli isuguliwe kwa brashi, ipakwe mafuta mepesi, kisha ipanguswe. Grisi nyingi hunasa vumbi upya.

Mota ya mtumba iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, hata ikipata volti zake, huzunguka polepole zaidi kwa takriban sehemu moja ya sita kwenye hezi 50 za Kenya. Namba za kidhibiti chake hazitegemeki.