Kwa nini ilibidi Ron aliwe

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie deni la tangu utotoni.

Nilikuwa darasa la nne hivi nilipoiona Harry Potter ya kwanza, katika kibanda cha video hapa Ndhiwa, shilingi kumi kiingilio na jenereta ikinguruma nje. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2001, lakini kwetu ilifika kwa mwendo wake. Mawe kutembea hayakututisha. Tumekulia Kanyamwa, nyumbani kwa Gor Mahia, yule mganga ambaye klabu ya soka ya mwaka 1968 ilipewa jina lake, na wazee wanasimulia alivyojigeuza apendavyo. Kilichotugombanisha ni sataranji.

Kaka yangu mkubwa, aliyenifundisha mchezo huo kwa vifuniko vya soda, alishikilia kwamba wameigiza tu. Ron yuko juu ya farasi, Harry ni askofu, Hermione ni ngome. Ron anajitoa, malkia mweupe anamvunjavunja, Harry anamaliza. "Mbona asitolewe mwingine?" kaka aliuliza. Sikuwa na jibu.

Nimelipata ukubwani. Watengenezaji wa filamu walimwajiri Mmarekani Jeremy Silman, mchezaji mwenye cheo cha Mwalimu wa Kimataifa na mwandishi wa vitabu vya sataranji, awapangie mchezo wa kweli. Ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa kitabu cha J. K. Rowling cha mwaka 1997 hakitoi mpangilio wa kete. Tena kinasema Harry alisogea nafasi tatu kushoto, na askofu, kama mjuavyo, huenda mshazari tu! (Waarabu walimwita al-fil, yaani tembo, na uaskofu alipewa Ulaya. Basi Harry alikuwa amesimama mahali pa tembo.)

Sasa tazama alichobuni Silman. Ngome nyeusi inakwenda c3, malkia mweupe anaila. Akiwa pale c3, macho yake yanapanda mstari wote wa c, na c5 imo. Harry anaitaka c5 hiyohiyo ili ampige mfalme aliye g1, lakini akiikanyaga sasa hivi ataliwa. Kwa hiyo farasi wa Ron anarukia h3 na kumshambulia mfalme. Malkia anamla farasi, na kwa kufanya hivyo ameuacha mstari wa c. Njia iko wazi. Hakuna kete nyingine ingeweza kumvuta malkia namna ile, kwa sababu ni farasi tu aliyeweza kumpiga mfalme kutoka h3.

Kaka, umesikia?

Lakini naye hakukosea kabisa. Harry akifika c5 mchezo haujaisha. Malkia aliye h3 anaweza kurudi e3 kumkinga mfalme. Harry anamla hapo, ndipo inakuwa chekimeti. Silman aliiweka hatua hiyo. Kwenye filamu imekatwa: Ron anaanguka, Harry anatembea, anatamka neno, mfalme anadondosha upanga. Sehemu kubwa ya kazi ya Silman ilikwenda na mkasi huohuo. Mimi ninayeandika programu nayajua maumivu hayo. Unaandika ukaguzi wa hali moja adimu, mtu anaufuta ili mambo yaende haraka, halafu mtumiaji makini anakuja kusema wewe ndiye hujui kazi.

Kuna kitu kingine ambacho hawakukikata. Mapema kwenye filamu, Harry na Ron wanacheza ukumbini kwa kete zilizoigwa kutoka zile za kisiwa cha Lewis, Scotland. Zile za asili zilichongwa karne ya 12, nyingi kwa pembe za walrasi, mnyama wa bahari ya barafu, na zikafukuliwa mwaka 1831. Vipande vilivyojulikana wakati huo ni 93: 82 ni mali ya British Museum na 11 viko Edinburgh.

Silman alifariki mwaka 2023. Jumapili iliyopita nilimpangia kaka mchezo wote mezani, kwa vifuniko vya soda kama zamani. Alitazama h3 kwa muda mrefu, akakisogeza kifuniko cha malkia hadi e3, akacheka.

"Nilikwambia haijaisha," akasema.