Kibandiko cha estrojeni
Kibandiko cha estrojeni ni dawa inayobandikwa kwenye ngozi, chini ya kitovu au kwenye tako, ili kumpunguzia mwanamke anayekoma hedhi joto la ghafla na jasho la usiku. Hubadilishwa mara moja au mbili kwa wiki, na hakiwekwi kwenye titi. Homoni hiyo hupenya hadi kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Ndiyo maana hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko kwa vidonge. Mwenye mfuko wa uzazi huhitaji pia homoni ya projestojeni, la sivyo ukuta wa mfuko huo unaweza kuota saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi.

Marekani iliidhinisha kibandiko cha kwanza cha estradioli, aina ya estrojeni, mwaka 1986. Mjini Kigoma, Tanzania, pa kuanzia kuuliza kuhusu dawa hii ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kwa mama anayeanika dagaa juani Kibirizi, mjini humo, jasho si jambo dogo: gundi hulegea, hivyo ngozi ikaushwe vizuri, isipakwe mafuta, kabla ya kubandika. Kuoga hakukatazwi.